Ngege wa barafu, mputa wa friza, samaki wa moshi au mukene: duka lako lianze na yupi?

Kila anayetaka kuongeza samaki kwenye duka lake la vyakula huanza na swali la friza: ninunue kubwa au ndogo, mpya au iliyotumika? Mimi nauza vyakula Walukuba, hapa Jinja, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, ambako ukisimama dakika kumi utasikia lugha tano, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Kwa miaka niliyouza samaki hapa, ninaomba tuanze kwingine kabisa. Tuanze na mama anayeingia dukani saa kumi na moja jioni akiwa na shilingi 5,000 na watu sita wanaomsubiri nyumbani.

Mama huyo anapenda samaki, pengine hata amekulia kando ya ziwa. Lakini mara nyingi ataondoka na maharage, na ukimdadisi utakuta sababu tatu. Samaki mzima anazidi pesa aliyo nayo. Hana hakika samaki huyo alivuliwa lini. Na hana nafasi ya kupara magamba na kutoa matumbo wakati maji ya posho (ugali) tayari yanachemka.

Kila aina ya samaki humwondolea mteja hofu moja na kumletea nyingine. Ndiyo maana nitalinganisha aina nne tunazouza sana Uganda kwa kuangalia hofu hizo, pamoja na mtaji wako wewe mwenye duka. Soko lipo. Kwa hesabu za FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, mtu mmoja duniani hupata wastani wa zaidi ya kilo 20 za samaki na viumbe wengine wa majini kwa mwaka. Sisi Uganda tuko chini ya hapo, ingawa zaidi ya asilimia 40 ya Ziwa Viktoria iko upande wetu, na bado tuna Kyoga, Albert, Edward na George.

Ngege mbichi wa barafu

Ngege, ambaye Watanzania humwita sato, ndiye anayetajwa kwanza mtu akisema leo nataka samaki. Anakaangwa mzima, anapikwa mchuzi, anapewa mgeni. Kwa heshima mezani hakuna anayemfikia. Kwa mwenye duka, ndiye pia anayeweza kukufilisi haraka kuliko wote.

Siku ya kwanza nilipokwenda kununua Masese, mwalo wa samaki hapa Jinja, nilimwinamia samaki nikamtazama macho, kama nilivyokuwa nimesikia. Mama mmoja mwenye meza pale akanishika mkono.

"Mwanangu, macho yanamwagiwa maji yakang'aa. Funua shavu."

Akaingiza kidole gumba chini ya kifuniko cha shavu, akakivuta. Ndani matamvua yalikuwa mekundu kama damu, yanateleza, hayana harufu ila ya maji ya ziwa. Akachukua mwingine kutoka beseni la pili, macho yake yaking'aa vilevile. Matamvua yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Huyu ni wa jana. Huyu ni wa kukaanga, si wa kukuuzia wewe." Kisha akambonyeza kila mmoja karibu na mgongo. Kwa yule wa kwanza shimo lilijaa mara moja. Kwa wa pili alama ya kidole ilibaki pale pale.

Tangu siku hiyo, mteja akifika kwenye boksi langu, mimi mwenyewe ndiye ninayefunua shavu kabla hajauliza. Hakuna tangazo lililowahi kuniuzia samaki kama kitendo hicho. Mteja aliyeonyeshwa shavu mara mbili, mara ya tatu hatazami tena. Anataja uzito tu.

Sasa gharama. Katika joto letu, hesabu ya kawaida ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Barafu inakaa chini, samaki juu yake, barafu tena, na boksi liwe na tundu la kutolea maji, kwa sababu samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka analainika na kunuka kabla ya wakati wake. Wauzaji wengi huweka barafu juu tu ili mteja aione. Samaki wa chini ndio wanaoharibika, na wakiharibika harufu yao inawafikia wa juu.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme umenunua kilo 20 za ngege kwa shilingi 14,000 kila kilo. Umetoa 280,000. Ukiuza wote kwa 16,000 utapata 320,000, yaani faida ya 40,000 kwa siku moja, kabla ya barafu na boda. Inavutia. Lakini kilo tatu zikikulalia zikaharibika, umeuza 17 tu, umepata 272,000, na umeingia hasara ya 8,000 hata kabla hujalipia barafu. Kilo tatu kati ya ishirini! Mvua ya jioni moja inatosha kukufikisha hapo, wateja wakikimbilia nyumbani bila kupita dukani.

Ngege kwenye duka dogo ana dawa mbili tu ninazoziamini. Ya kwanza ni kumkata. Kichwa, kipande cha kati, mkia, kila kimoja na bei yake, umeshapara na kuosha. Yule mama wa shilingi 5,000 sasa ana samaki anayemtosha. Nilipoanza kukata, nilidhani nitawaudhi waliozoea samaki mzima, lakini hao waliendelea kununua mzima, na vipande vikaleta watu ambao hawakuwahi kusogelea boksi langu. Ya pili ni kikaango. Ukifika saa kumi na moja jioni na samaki amebaki, akiwa bado mzuri, mtie chumvi umkaange mbele ya duka. Harufu inafanya kazi yake hadi barabarani. Nasisitiza: akiwa bado mzuri. Mafuta hayamponyi samaki aliyekwisha kuharibika, na mteja mmoja akiumwa tumbo mtaa mzima utajua kabla ya saa sita mchana.

Kuna na swali la ngege wa vizimba, yaani wanaofugwa ndani ya nyavu, dhidi ya ngege wa ziwani. Huku Jinja vizimba vinaonekana ziwani kwa macho. Samaki wake wanalingana ukubwa, unaweza kuagiza siku moja kabla wakavuliwa alfajiri, na upatikanaji wake hautegemei dhoruba wala mwezi. Wapo wateja watakaokuambia yule wa ziwani ni mtamu zaidi, na siwabishii. Ninachokuomba usiwachanganye kwenye boksi moja. Mwambie mteja huyu ni wa kizimba, huyu ni wa ziwani, aamue mwenyewe. Na wa ziwani mpime kwa rula: ngege chini ya inchi 11 haruhusiwi, mputa chini ya inchi 20 vilevile. Jeshi lilipoingia kwenye doria za maziwa mwaka 2017, jambo hili liliacha kuchukuliwa kimchezo, na ukimwonea huruma muuzaji wa samaki wachanga, mali inayokamatwa itakuwa yako.

Mputa wa friza

Mputa (sangara kwa majirani zetu) aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, akala wenzake, akageuka samaki wa viwanda. Minofu yake mizuri inakwenda Ulaya na kwingine, na bei yetu ya hapa huifuata bei ya huko. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu za usafi, na viwanda vikalazimika kujirekebisha. Faida ya hilo kwetu ni kwamba unaweza kununua minofu iliyogandishwa kiwandani kwa haraka, ikiwa safi, bila mfupa wala gamba.

Ukimweka mputa huyu kando ya ngege wa barafu, tofauti ni hii. Mputa anaondoa hofu ya kazi: mteja anafungua pakiti na kutia sufuriani. Anakuondolea wewe hofu ya jioni ya mvua, kwa sababu asiponunuliwa leo atanunuliwa Jumanne. Lakini anarudisha hofu ya bei, na anakufunga kwenye umeme.

Nilijifunza la umeme kwa gharama. Ulikatika Jumamosi jioni, na kila baada ya saa mbili nilikuwa nafungua friza kuangalia kama samaki wameanza kuyeyuka. Kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nawayeyusha. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri inaweza kushika baridi yake kwa karibu saa 48. Iliyojaa nusu, karibu saa 24. Yangu ilikuwa nusu, na mkono wangu haukutulia. Jumatatu asubuhi nilichimba shimo nyuma ya nyumba. Siku hizi friza ikipungua samaki najaza chupa za maji zikagande humo, na umeme ukikatika nafunika blanketi juu na kumkataza kila mtu kugusa kifuniko. Joto la ndani liwe nyuzi 18 chini ya sifuri, na kipimajoto cha kuning'iniza ndani hakina bei ya kutisha.

Usijaribu kugandisha mwenyewe ngege waliobaki ukadhani unapata bidhaa sawa na ya kiwandani. Friza ya duka hugandisha polepole, maji ndani ya nyama yanakuwa vipande vikubwa vya barafu vinavyopasua nyama, na samaki akiyeyuka anatoa maji na kuwa kama pamba. Mteja anaijua tofauti kwenye kijiko cha kwanza.

Na usinunue minofu peke yake. Kichwa cha mputa kina mchuzi ambao minofu haiwezi kuutoa, na mgongowazi, ule mfupa unaobaki na nyama pembeni baada ya minofu kutolewa, ndio unaowaletea samaki watu wa kipato cha chini. Kwa duka la mtaa kama wangu, kichwa na mgongowazi huondoka haraka kuliko minofu. Kwa duka la Kololo au Muyenga, mitaa ya matajiri Kampala, ingekuwa kinyume chake.

Samaki wa moshi

Hapa friza inazimwa na barafu inasahaulika. Samaki wa moshi, awe ngege, mputa, kambale au mamba, anawekwa kwenye chanja, anauzwa kipande kimoja kimoja, na mwenzake wa maisha ni mchuzi wa njugu. Ukimuuliza Muganda aliye mbali na nyumbani anatamani chakula gani, wengi watakutajia samaki wa moshi kwenye njugu pamoja na matoke. Kwa hiyo usimweke mbali na njugu za kusaga. Mimi nimeziweka rafu moja, na anayekuja kuchukua kimoja mara nyingi huondoka na vyote viwili.

Jihadhari na neno "mkavu". Kuna samaki aliyepitishwa moshini ili apate rangi na harufu, ndani bado ana maji. Huyo ni wa siku chache tu. Na kuna aliyekaushwa hadi akagongwa kama ubao. Huyo anakaa wiki nyingi. Wote wawili wana rangi ile ile ya kahawia. Mvunje mmoja kabla hujalipa: akiwa na unyevu karibu na uti wa mgongo, nunua kidogo. Usimfungie kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), atatoa jasho na kuota ukungu. Karatasi na kikapu vinamtosha. Mkague kila siku, maana wadudu wakiingia wanabakiza ngozi na unga.

Jambo la majina na miiko usilipuuze. Mamba kwetu Uganda ni yule samaki mrefu wa matopeni, ambaye Mtanzania anamwita kamongo. Mgeni kutoka pwani akisoma "mamba wa moshi" atadhani unauza nyama ya mnyama wa mtoni. Na Waganda wa ukoo wa Mmamba hawamli, ndiye alama ya ukoo wao. Wasabato nao hawali samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambale si wao. Andika jina la kila samaki waziwazi. Akishakatwa na kufukizwa, mteja hawezi kumtambua kwa macho, na ukimuuzia mtu mwiko wake hatarudi. Kwa Waislamu samaki ana nafuu ambayo nyama haina: hakuna anayeuliza nani alichinja.

Kama wateja wako wengi wanatoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tafuta angara wa Ziwa Albert. Wao watamfuata hata ng'ambo ya mji.

Mukene

Nimefika kwa samaki ninayempigania. Mukene ndio dagaa wa Tanzania na omena wa Kenya: samaki wadogo wa fedha wanaovuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa taa za sola. Wanaifuata taa, kwa hiyo giza ndilo rafiki wa mvuvi. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, mukene wanapungua na bei inapanda. Anayefanya biashara hii atazame angani kabla ya kutazama mfuko wake: nunua gizani, uuze kwenye mbalamwezi.

Watu wengi mjini waliwadharau mukene, wakiona ni chakula cha kuku, na kweli sehemu kubwa ya mukene huishia kwenye chakula cha mifugo. Lakini dharau hiyo ilitokana na mchanga. Mukene waliomwagwa ufukweni wakakaushwa mchangani husaga meno, na hakuna mama atakayempa mtoto chakula kama hicho mara ya pili. Mukene waliokaushwa juu ya chanja zenye wavu ni bidhaa nyingine kabisa. Wanang'aa, hawana mchanga, na harufu yao ni ya samaki, si ya kuoza. Mwenye duka achague hao wa chanja, hata kama bei ni ya juu. Chukua konzi moja, itie kwenye bakuli la maji, subiri dakika mbili, kisha tazama kilichotua chini. Mimi hufanya hivyo mbele ya muuzaji.

Turudi kwenye hesabu. Tuseme kilo 20 za mukene wa chanja kwa 8,000 kila kilo, jumla 160,000. Ukichambua na kutoa waliovunjika, unabaki na kilo 18. Unafunga pakiti 72 za gramu 250, kila pakiti 3,000: unapata 216,000. Toa 14,400 ya mifuko, kama kila mmoja ni 200. Faida ni 41,600. Karibu sawa na ile ya kilo 20 za ngege siku hakuna aliyeharibika. Ngege anakupa faida yake kwa siku moja, mukene labda kwa wiki tatu. Lakini katika wiki tatu hizo hujanunua barafu, hujaamka saa kumi usiku, hujachimba shimo nyuma ya nyumba.

Na kwa mteja, mukene hujibu hofu zote tatu. Shilingi 3,000 anazo. Anaona kwa macho kilicho ndani ya pakiti. Hakuna gamba la kupara. Tena mukene wanaliwa wazima, na mifupa yao, kwa hiyo mtoto anapata kalsiamu ya kujenga mifupa ambayo mnofu wa mputa hauna kwa kiasi hicho. Nimewaona akina mama wakisaga mukene wakaweka kijiko kwenye uji, na nimekuwa nikiwashauri wengine wafanye hivyo. Ukianza kusaga na kufungasha kwa jina lako, fuata utaratibu wa shirika la viwango, UNBS, upate alama ya Q. Maduka makubwa hayatakupokea bila hiyo.

Ubaya wake? Mvua. Masika ikiingia, mukene wengi huharibika kabla ya kukauka, na wale nusu wakavu huuzwa kwa bei ya kuvutia. Waache.

Na samaki wa bahari?

Kamba, pweza na nguru hutufikia wakiwa wamegandishwa, baada ya zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kutoka Mombasa. Wanunuzi wake ni hoteli na familia chache zenye asili ya pwani. Nisingeweka mtaji hapo kabla ya kupata mteja anayeagiza kila wiki. Samaki wa kopo weka, hawana shida, lakini hakuna atakayevuka barabara kwa ajili yao.

Kwa duka lako

Kama mtaji ni mdogo na umeme si wa kuaminika, anza na mukene wa chanja, kisha samaki wa moshi kidogo kidogo kando ya njugu. Usione haya kwamba hakuna barafu mlangoni. Kama tayari una friza ya vinywaji na maziwa, usichanganye. Tafuta ya samaki peke yake, na ianze na vichwa na mgongowazi kama uko mtaani, minofu kama uko kwenye nyumba za kifahari. Ngege mbichi aje mwisho, na asije kila siku. Mimi humleta Ijumaa na Jumamosi tu. Zaidi ya theluthi ya Wauganda ni Wakatoliki, na wengi wao bado wanaiheshimu Ijumaa, hasa wakati wa Kwaresima. Jumamosi ni siku ya wageni.

Alhamisi baada ya magharibi huwa nawaandikia wateja wangu kwenye simu: nani anataka ngege kesho, mzima au vipande, aliyeparwa au la. Naandika majina kwenye daftari hadi saa tatu usiku, kisha najumlisha kilo. Alfajiri nikifika Masese nanunua hizo kilo, na tano za ziada kwa ajili ya kikaango.